Kliniki ya uzazi ukitokea Kigoma au Tabora: mambo ya kumaliza kabla ya kupanda basi

Wengi wanaotafuta mtoto na kurudi mikono mitupu kutoka kliniki ya uzazi ya Mwanza au Dar es Salaam hawakunyimwa huduma, walifika siku isiyofaa. Mke alifika siku ya 16 ya mzunguko wake, wakati kipimo cha mirija ya uzazi hufanyika kabla ya siku ya 11. Mume alibaki Kibondo kwa kuwa "yeye hana tatizo". Picha ya kipimo ya mwaka juzi ilisahaulika kabatini. Daktari akaandika vipimo upya na kutoa tarehe nyingine, na nauli ikawa imekwisha. Safari ya aina hii hupangwa kwa kalenda ya hedhi kwanza, likizo na nauli baadaye, na kazi nyingi ya mwanzo inamalizika mkoani kwa gharama ndogo.

Nani aende, na lini

Shirika la Afya Duniani huhesabu ugumba pale mimba isiposhika baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Mwanamke aliyetimiza miaka 35 asingoje mwaka, miezi 6 inatosha. Aliyevuka 40 aende mara tu anapoamua kutafuta mtoto, kwa sababu mayai hupungua idadi na ubora kadiri umri unavyokwenda, na hakuna kidonge cha kuyarudisha.

Wapo pia wasiotakiwa kungoja hata wakiwa na miaka 24: ambaye hedhi yake hupotea miezi miwili mitatu, aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi, aliyeugua maambukizi ya nyonga, kifua kikuu au homa kali baada ya kujifungua au mimba kuharibika. Kwa upande wa wanaume ni yule ambaye korodani zake hazikushuka utotoni, aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, au aliyeugua matubwitubwi ukubwani hadi korodani zikavimba.

Aliyekuwa akichoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu ana hesabu yake. Uwezo wa kushika mimba hurudi polepole, kwa wastani miezi 9 hadi 10 tangu sindano ya mwisho, na wengine huchukua muda zaidi ya huo. Vijiti na kitanzi haviko hivyo, vikitolewa uwezo hurudi mapema.

Kuna hesabu nyingine ambayo daktari wa Dar es Salaam hataiuliza, na mtu wa Kigoma aende nayo mwenyewe. Wavuvi wa dagaa wa taa hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika mwezi ukiwa mpevu. Anayelala kambini hurudi nyumbani wakati wa mbalamwezi tu. Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu. Mke mwenye mzunguko wa siku 28 anapishana nao kwa siku moja na nusu tu kila mwezi. Siku za kushika mimba nazo ni sita: tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe linapotoka. Kwa hiyo siku zake zikiangukia giza mwezi huu, zitaangukia giza mwezi ujao, na unaofuata, na inaweza kuchukua miezi mingi kabla hazijahamia kwenye mbalamwezi. Watu hawa watasema, tena kwa ukweli, kwamba wametafuta mwaka mzima, kumbe hawajakutana hata mara moja siku zinazofaa. Kabla ya kutumia shilingi moja kwenye vipimo, mume apange kurudi nyumbani miezi mitatu minne kufuata siku za mke badala ya mwezi, wakutane kila baada ya siku moja au mbili katika siku hizo sita. Hali ni hiyohiyo kwa dereva wa lori na kwa anayefanya kazi machimboni.

Daftari na kalenda

Nunua daftari dogo, au tumia kalenda ya ukutani, bora usiipoteze. Andika siku ya kwanza ya hedhi kwa miezi mitatu angalau. Siku ya 1 ni ile damu nyekundu inapoanza kutiririka ya kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya siku moja kabla hayahesabiwi. Damu ikianza jioni sana, kliniki nyingine huhesabu kesho yake kuwa siku ya 1, kwa hiyo uliza wahudumu wa kliniki hiyo wanahesabuje.

Tuchukue mke ambaye hedhi imeanza tarehe 3 na mzunguko wake ni siku 28. Vipimo vya homoni vya mwanzo ni siku ya 2 hadi ya 4, yaani tarehe 4 hadi 6. Kipimo cha mirija ni siku ya 7 hadi ya 10, tarehe 9 hadi 12. Yai hutoka karibu na siku ya 14, tarehe 16. Kipimo cha kuthibitisha kwamba yai limetoka, yaani projesteroni, ni siku ya 21, tarehe 23.

Hapo kwenye siku ya 21 ndipo makosa hufanyika. Siku hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Kinachotakiwa ni siku 7 kabla ya hedhi ijayo. Mwenye mzunguko wa siku 32 apimwe siku ya 25, na wa siku 35 apimwe siku ya 28. Akipimwa siku ya 21 majibu yatakuja chini, ataambiwa hatoi yai, na ataanzishiwa dawa asizozihitaji. Ukipewa karatasi ya kipimo hiki, mwambie aliyeandika: "Daktari, mzunguko wangu ni siku 32. Nije siku ya 21 au ya 25?"

Mume apimwe kwanza

Upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya kesi zote, peke yake au pamoja na wa mke. Kipimo cha mbegu hakina maumivu, hakina mionzi, na ni rahisi kuliko chochote atakachofanyiwa mke. Kuanza na mke ni kumtesa bure. Pale ambapo mume anasitasita, maneno yanayosaidia ni kwamba daktari hapokei faili la mtu mmoja. Hilo halina uongo mwingi, maana kliniki yenye uangalifu itamwita tu.

Masharti ya kipimo ni haya. Akae bila kutoa shahawa siku 2 hadi 7. Siku moja haitoshi, na wiki mbili zinajaza mbegu zilizochoka. Atoe kwa mkono ndani ya chombo cha maabara chenye mdomo mpana, bila sabuni, mafuta wala mate. Kondomu za kawaida hazifai, vilainishi vyake huua mbegu. Ikimwagika sehemu, aseme, hasa ikiwa ni tone la mwanzo, kwa sababu ndilo lenye mbegu nyingi. Aandike saa aliyotoa.

Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, na nusu saa ni bora zaidi. Aliyeko Ujiji anaweza kuitoa nyumbani na kuiwahisha mjini. Aliyeko Kasulu, Sikonge au Urambo hawezi. Aombe chumba hospitalini. Akileta kutoka nyumbani, aibane chini ya nguo karibu na mwili. Mfuko wa plastiki wenye barafu unaziua mbegu, na dashibodi ya gari juani pia inaziua. Chumba cha hospitali mara nyingi ni choo tu, na watu wanagonga mlango. Aende mapema asubuhi kabla ya foleni, na aulize jana yake kwa mtaalamu wa maabara saa anayopatikana, kwa kuwa sampuli inayongoja mezani saa mbili haina maana tena.

Karatasi ya majibu inayosema "kawaida" bila tarakimu irudishwe kwa adabu. Inatakiwa ionyeshe ujazo, idadi, mwendo, umbile, saa ya kutoa na saa ya kusoma. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya 2021 ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, zinazotembea asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, na zenye umbile zuri asilimia 4. Hii asilimia 4 huwashtua wengi bila sababu. Ndiyo, mbegu 96 kati ya 100 zinaweza kuwa na kasoro ya umbile na mwanamume akazaa.

Majibu mabaya ya mara moja hayatoshi kumhukumu mtu. Mbegu hutengenezwa kwa takriban siku 74, kwa hiyo kilichompata mwili miezi miwili iliyopita kinaonekana leo. Malaria yenye homa kali, jambo la kawaida katika mikoa hii, hushusha idadi na mwendo kwa wiki kadhaa. Aliyeugua ndani ya miezi mitatu amwambie daktari na arudie kipimo baadaye. Joto la kazini nalo lina sehemu yake: anayekesha akichochea moto kwenye mabani ya tumbaku msimu wa kukausha apunguze zamu hizo kwa miezi mitatu kabla ya kurudia, na dereva wa masafa ashuke kwenye kiti kila baada ya saa kadhaa. Sigara na pombe nyingi ziachwe. Dawa za kujaza misuli na sindano za homoni za kiume zinazouzwa kwa jina la kuongeza nguvu husimamisha kabisa utengenezaji wa mbegu. Hili wanaume wachache sana wanalijua, na ndilo linalofichwa zaidi mbele ya daktari.

Majibu yakisema hakuna mbegu hata moja, maabara inatakiwa izungushe sampuli kwenye mashine na kuangalia mashapo yake, kisha kipimo kirudiwe siku nyingine. Hata ikithibitika, bado kuna tofauti kati ya njia iliyoziba na kiwanda kilichosimama. Njia ikiwa ndiyo iliyoziba, mbegu zinaweza kutolewa moja kwa moja kwenye korodani na kutumika katika upandikizaji, yaani yai kurutubishwa maabara na kuwekwa kwenye kizazi.

Vipimo vya mke

Majibu ya mume yakiwa mkononi, ndipo mke aanze. Kwenye damu huangaliwa homoni za mayai siku ya 2 hadi ya 4, homoni ya tezi ya shingo, na prolaktini (homoni ya maziwa) kwa mwenye hedhi inayoruka au anayetokwa maziwa bila kunyonyesha. Kipimo cha akiba ya mayai kinaitwa AMH na hakina siku maalumu. Pamoja na hivyo wote wawili watapimwa VVU, kaswende na homa ya ini B. Anayeishi na VVU asiache dawa kwa ajili ya kutafuta mtoto. Kinyume chake, virusi visipoonekana kwenye damu ndipo safari inakuwa salama.

Ultrasaundi ina njia mbili. Ya juu ya tumbo inataka kibofu kilichojaa, kwa hiyo kunywa kama lita moja ya maji saa moja kabla. Ya ukeni inataka kibofu kitupu na inaonyesha mayai vizuri zaidi. Una haki ya kuomba nesi wa kike awepo chumbani, na kuuliza kifaa kimevalishwa kondomu mpya.

Kinachoharibu kazi hapa ni maelezo mafupi. Karatasi ikisema "mayai yapo, kizazi kizuri", daktari wa mbali hawezi kuitumia. Mwombe mpimaji: "Dada, naomba uniandikie idadi ya vifuko vya mayai, kulia na kushoto, na ukubwa wake kwa milimita, na unene wa ukuta wa ndani wa kizazi." Kifuko kinachokua huongezeka takriban milimita 1 hadi 2 kwa siku, na kinakaribia kupasuka kikifika milimita 18 hadi 20 au zaidi kidogo. Ukuta wa kizazi wa milimita 7 kwenda juu ndio unaotafutwa. Ukipata mpimaji anayeandika hivi, mshike. Kliniki nyingi zitakubali apime siku za mwanzo za matibabu hapa nyumbani na wewe utume picha ya karatasi kwa simu, ukaokoa wiki nzima ya kulala ugenini.

Uvimbe kwenye kizazi usikutishe kwa jina tu. Uliza uko wapi. Ulio ndani ya chumba cha kizazi huzuia mimba na huondolewa. Ulioning'inia nje mara nyingi unaachwa.

Kipimo cha mirija ni eksirei inayopigwa huku dawa ya rangi ikisukumwa kupitia mlango wa kizazi. Hufanyika damu ikishakauka na kabla ya siku ya 11, na tangu hedhi ianze hadi siku ya kipimo wasikutane, ili isije ikapigwa eksirei mimba changa. Meza dawa ya maumivu, kama ibuprofeni, nusu saa hadi saa moja kabla, isipokuwa una vidonda vya tumbo au pumu inayoamshwa nayo. Utasikia tumbo likibana kama la hedhi kwa dakika chache. Matone ya damu siku moja mbili ni kawaida. Homa, maumivu yanayozidi au uchafu wenye harufu ni vya kurudi hospitali siku hiyohiyo. Mwenye historia ya maambukizi ya nyonga amwambie daktari kabla ya siku ya kipimo, kwani huenda akahitaji antibiotiki. Aseme pia kama ana mzio wa dawa za rangi au aidini.

"Mirija imeziba" siyo sentensi ya mwisho. Mrija ukiziba pale unapoungana na kizazi, inawezekana ulibana tu kwa maumivu wakati wa kipimo, na daktari anaweza kurudia au kutumia kamera. Ukiziba mwishoni na kujaa maji, jambo ni zito zaidi: maji hayo yakirudi kwenye kizazi hupunguza nafasi ya upandikizaji karibu nusu, na ndiyo maana hushauriwa mrija huo uondolewe au ufungwe kwanza. Chukua filamu yenyewe pamoja na karatasi ya majibu, kwa sababu daktari wa upandikizaji atataka kuiona kwa macho yake. Iweke bapa ndani ya bahasha yake, isikunjwe, isikae juani.

Sasa kuhusu dawa za "kuzibua mirija" na "kusafisha kizazi" zinazotangazwa kwenye simu na masokoni. Mrija ulioshikamana kwa kovu hauzibuliwi na kinywaji. Dawa za kuweka ukeni huunguza na kuleta maambukizi mapya, na maambukizi ndiyo yanayoziba mirija. Ikiwa umeshatumia mitishamba yoyote, usione haya kusema. Beba kipande au pakiti yake. Daktari akikugombeza kwa hilo badala ya kukusikiliza, umejifunza jambo kuhusu kliniki hiyo.

Ile dawa ya kukuza yai, klomifeni, nayo hupatikana kirahisi kwenye maduka ya dawa, na dada au shoga atakupa "dozi iliyomsaidia". Kwa kawaida huanza miligramu 50 kwa siku 5, ya kwanza ikimezwa siku yoyote kati ya siku ya 2 na ya 5 ya hedhi. Kwa mwenye ovari (viungo vinavyotengeneza mayai) zenye vifuko vingi visivyopasuka, letrozoli ndiyo inayochaguliwa kwanza siku hizi. Zote mbili hazina kazi kama mirija imeziba au mume hana mbegu. Klomifeni pia ikitumika bila ultrasaundi inaweza kukomaza mayai mengi kwa pamoja au kuufanya ukuta wa kizazi uwe mwembamba. Aliyeitumia mizunguko sita bila mimba aache, apimwe upya.

Jambo dogo linalosahaulika: mke aanze foliki asidi miligramu 0.4 kila siku angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Ni ileile iliyo ndani ya vidonge vya kuongeza damu vya kliniki ya mama na mtoto.

Rufaa na kuchagua pa kwenda

Kwa Kigoma hospitali ya rufaa ya mkoa ni Maweni, kwa Tabora ni Kitete, na wilayani Igunga ipo hospitali ya Nkinga. Juu yake, kanda inapeleka Bugando, Mwanza. Kwa barabara Kigoma hupita Kasulu, Kibondo, Kakonko na Nyakanazi; Tabora hupita Nzega na Shinyanga. Kwa upandikizaji mimba wengi huishia Dar es Salaam. Barua ya rufaa ni ya lazima kwa mwenye bima na ni ya busara kwa anayelipa taslimu, kwa sababu inabeba historia. Mwenye bima aulize kwenye dirisha lake, kabla ya kusafiri, ni vipimo gani vinalipiwa na vipi hapana, jibu likiwa limeandikwa.

Piga simu kliniki na uulize mambo haya kwa maneno ya moja kwa moja. Bei mliyonitajia ina dawa ndani, au dawa ni kando? Ina nusukaputi, maabara na kugandisha viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa)? Mzunguko ukisitishwa kabla ya kuvuna mayai, narudishiwa kiasi gani? Viinitete vinavyobaki hutunzwa kwa malipo gani kwa mwaka? Kati ya wanawake wa umri wangu waliowekewa kiinitete, wangapi walijifungua mtoto hai? Hili la mwisho ndilo linalotenganisha. Kliniki inayojibu kwa "asilimia ya waliofanikiwa" bila kusema umri, au inayohesabu kipimo cha mimba kuwa ndiyo mafanikio, haijajibu.

Uliza pia wataweka viinitete vingapi. Wengi hufurahia mapacha, lakini mimba ya mapacha ina hatari kubwa ya kuzaa kabla ya wakati, na anayeishi Kakonko au Uvinza afikirie umbali wake hadi wodi ya watoto njiti. Kimoja kimoja ni uamuzi unaoheshimika.

Mbele ya daktari

Ingieni wote wawili, lakini kila mmoja aombe pia dakika chache peke yake. Kuna mambo ambayo mke hatayasema mume akiwepo, kama mimba iliyotolewa zamani, na mume naye hivyohivyo kuhusu mtoto wa nje au nguvu zinazopungua. Daktari mzuri atayatunza. Wifi na mama mkwe wabaki nje kwenye benchi, hata kama ndio waliotoa nauli.

Kabla hujatoka, hakikisha una majibu ya maswali matatu: tatizo linaitwaje, hatua inayofuata ni ya siku gani ya mzunguko, na namba gani nipige mambo yakiharibika usiku. Lipa kwa namba ya malipo au upewe risiti. Anayeomba pesa mkononi ili "akusogeze mbele" anaripotiwa kwa msimamizi wa kitengo.

Kama ni upandikizaji

Sindano za kukuza mayai huchukua siku 8 hadi 14, ultrasaundi kila baada ya siku chache. Panga kukaa jirani na kliniki wiki mbili hadi tatu. Nyingi ya sindano hizo hutunzwa kwa nyuzi 2 hadi 8. Baadhi huvumilia chini ya nyuzi 25 kwa muda, na kasha lake linaeleza. Ukizibeba kwenye basi la zaidi ya siku nzima, tumia kiboksi cha kutunza baridi na pakiti za barafu zilizofungwa kwa taulo, zisigusane na dawa, kwa kuwa iliyoganda imeharibika kama iliyochemka. Ni rahisi zaidi kuzinunulia hukohuko. Vidonge vya projesteroni vya kuweka ukeni baadaye vinaweza kuyeyuka kwenye joto la Tabora la mwezi wa kumi, kwa hiyo viwe mahali pa baridi kwa mujibu wa kasha.

Sindano ya mwisho, ile ya kukomaza mayai, ndiyo yenye saa kamili. Mayai huvunwa saa 34 hadi 36 baadaye. Ukichoma Jumatatu saa nne usiku, utavunwa Jumatano kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Kosa linalotokea hapa ni la kusoma saa. Nesi ameandika "10:00 PM", mgonjwa akasoma kumi na kusubiri saa kumi alfajiri. Saa sita zimepotea, na mayai huvunwa yakiwa mabichi. Mwambie nesi aandike kwa maneno, "saa nne usiku", na umtumie ujumbe ukishachoma.

Tumbo kuvimba haraka, kutapika, kupumua kwa shida au mkojo kupungua baada ya sindano hizi ni dalili za mayai kuchokozwa kupita kiasi. Usisubiri asubuhi, rudi kliniki usiku huohuo.

Kiinitete huwekwa siku ya 3 au ya 5 baada ya kuvuna. Baada ya hapo hakuna haja ya kulala kitandani wiki nzima, kutembea hakukiangushi. Mimba hupimwa kwa damu takriban siku 9 hadi 14 baadaye. Usikimbilie kipimo cha mkojo cha dukani, kwa maana sindano ya kukomaza mayai inaweza kubaki mwilini siku 10 na zaidi na kuonyesha mistari miwili ambayo siyo mimba. Projesteroni usiiache mwenyewe hata ukiona matone, mpaka daktari aseme.

Karatasi za kurudi nazo

Usipande basi la kurudi bila muhtasari wa kliniki wenye dawa na dozi zake, mayai mangapi yalivunwa, mangapi yalirutubishwa, vimewekwa viinitete vingapi na vya siku ya ngapi, na vingapi vimegandishwa. Mimba isiposhika, karatasi hiyo ndiyo inayomwezesha daktari kubadilisha dozi mara ya pili badala ya kuanza kukisia.

Ikishika, ultrasaundi ya kwanza ni wiki ya 6 au ya 7, na inafanyika mkoani. Sababu yake kubwa ni kuhakikisha mimba iko ndani ya kizazi, kwani upandikizaji hauzuii mimba ya nje. Maumivu makali ya upande mmoja, ya begani au kizunguzungu cha kuanguka katika wiki hizo yanakupeleka hospitali ya rufaa papo hapo, ukiwa na karatasi mkononi. Kliniki ya mama na mtoto waambie tarehe ya kuwekewa kiinitete na kilikuwa cha siku ya ngapi, wahesabu umri wa mimba kutoka hapo. Chandarua kila usiku tangu siku ya kwanza. Dawa ya SP ya kukinga malaria inaanza wiki ya 13, siyo kabla.